Watu Mia na Mmoja

Barua ya kata ilifika mjini Mende, nyumbani kwa Mireille, siku ya Jumanne. Mireille aliifungua kabla ya kumpa mama yake, akaisoma akiwa amesimama karibu na jiko, akairudia, kisha akaisukuma chini ya kikapu cha mkate.

"Nini hicho?" Eulalie aliuliza. Alikuwa anamenya viazi. Alikuwa na miaka sabini na sita, na ingawa magoti yalishaanza kumwangusha, macho yake yalikuwa bado mazima.

"Matangazo tu, Mama. Ya duka."

"Duka gani linapiga muhuri wa kata yetu? Lete hapa."

Mumewe, Ambroise Brajon, alikuwa ameketi dirishani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Tangu avunjike nyonga mwezi wa Novemba, kiti hicho ndicho kilichokuwa shamba lake. "Soma kwa sauti," alisema.

Eulalie akasoma. Baraza la kata ya Saint-Alvard lingekutana Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Jambo la nne katika ajenda: kwa kuwa kitongoji cha Chantevel hakina tena mkazi wa kudumu, mbao za madirisha yake zikiwa zimefungwa tangu Novemba, na kwa kuwa hakuna mpiga kura yeyote aliyeandikishwa humo, malisho ya pamoja ya kitongoji hicho, hekta sitini na mbili, yahamishwe yawe mali ya kata.

Kisu cha viazi kilibaki hewani. Kisha Ambroise akacheka, kicheko kikavu.

"Hakuna mkazi. Basi mimi hapa ni nani? Mzimu?"

"Mzimu haumalizi jibini ya watu," Mireille alisema, ila hakutabasamu.

Malisho yale hayakuwa ya Ambroise, wala ya kata. Yalikuwa ya Chantevel, ya yeyote aliyeishi Chantevel, na kwa miaka kumi na miwili sasa walioishi Chantevel walikuwa wawili tu. Ng'ombe wao kumi na wanane walipanda huko kila Mei na kushuka Oktoba. Nyasi za nyumbani zilitosha kuwapitisha majira ya baridi, basi. Malisho yakienda, ng'ombe wangeuzwa kabla ya Pasaka, na nyumba isiyo na ng'ombe kule juu ingekuwa mawe yaliyopangana tu.

"Lakini sisi tunapiga kura kule," Eulalie alisema. "Tangu nimeolewa napiga kura kule."

Mireille akaketi. Alikuwa muuguzi, mwanamke wa miaka hamsini aliyezoea kuwaambia watu habari mbaya, lakini siku hiyo alitazama mikono yake.

"Ile fomu ya Desemba, Mama. Ya kadi ya wazee, ili mletewe chakula cha mchana nikiwa kazini. Nilitaka ionekane wazi kwamba mnaishi hapa. Nikawaandikisha na kwenye daftari la wapiga kura la hapa."

"Na la kule?"

"Ukiingia hapa, kule unafutwa moja kwa moja. Sikujua kama ina maana yoyote. Nilidhani ni karatasi."

"Ni karatasi," Ambroise alisema. "Ndiyo maana inaua."

"Baba, usinifanyie hivyo. Nani alikuinua chooni miezi minne? Meya? Mngekaa hapa tu, mngekuwa na joto, na daktari yuko ghorofa ya chini. Kule umeme wenyewe nimeshausitisha. Mtarudi kufanya nini?"

"Kuishi," Eulalie alisema.

"Na huyu meya, Régis," Ambroise akaendelea, kana kwamba hakumsikia yeyote, "si ndiye aliyekuja hapa Januari na biskuti za siagi? Akakaa kwenye kiti hicho hicho?"

"Ndiye," Eulalie alisema. "Alikuja kunisainisha fomu ya sensa. 'Mama Brajon, nyinyi ni wetu, tusiwapoteze.' Akanywa kahawa vikombe viwili."

"Biskuti zenyewe zilikuwa zimevunjika," Ambroise alisema.

Eulalie akaikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akachukua kiazi kingine. Moyoni alisema: Bwana, unaona. Kisha akasema kwa sauti, "Alhamisi utatupeleka juu, Mireille. Ukikataa, tutapanda basi mpaka njia panda, na pale baba yako ataanza kutambaa."

*

Walipanda Alhamisi bila kuzungumza. Theluji ilikuwa imebaki kwenye vivuli tu, lakini upepo wa milima ya Margeride ulilisukuma gari kama ng'ombe anayetaka kupita mlangoni. Clovis Pradal wa kitongoji cha Le Fau, ambaye alikuwa akiwalishia ng'ombe asubuhi na jioni, aliwakuta uani. Alikuwa mzee mnene, mjumbe wa baraza tangu Mireille akiwa darasani.

"Hee! Wafu wamefufuka," Clovis alisema. "Ambroise, umenenepa kama mke wa padri."

"Padri hana mke."

"Ndiyo maana hujawahi kumwona."

Wakamsaidia Ambroise kuingia. Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Panya walikuwa wamekula kona ya kalenda. Eulalie hakuvua koti, alipiga magoti mbele ya meko moja kwa moja, na Mireille hakujua kama mama yake anawasha moto au anasali. Alikuwa anafanya yote mawili. Kuni za bandani zilikuwa zimelowa, kwa sababu hakuna aliyezifunika tangu Novemba, na moto ulikohoa karibu saa nzima kabla ya kushika.

"Clovis," Eulalie alisema, "kesho utapiga kura gani?"

Clovis akavua kofia, akaivaa tena. "Mimi nipo nanyi. Lakini niko mmoja. Wengine Régis ameshawapigia hesabu. Kampuni inataka kuweka mitambo sita ya upepo kule juu. Yuro elfu arobaini kwa mwaka, Eulalie. Bomba la maji la kata limepasuka mara nne msimu huu. Wanaosema ndiyo si watu wabaya."

"Sijasema ni wabaya. Nimeuliza kura."

"Kama hamna jipya la kusema, mtapoteza. Nane kwa tatu."

Ambroise alikuwa amekaa karibu na moto, magongo yake mawili magotini. Aliomba kitabu cha sala cha babu yake, kilichokuwa juu ya kabati. Nyuma ya kitabu, kwa wino uliogeuka kahawia, babu alikuwa amenakili maneno ya amri ya mfalme ya mwaka 1836. Kabla ya hapo Chantevel ilikuwa kata kamili, yenye meya wake, tangu Mapinduzi ya Ufaransa yalipoichora upya nchi nzima, mikoa, wilaya na tarafa, ili mtu aliyepanda farasi afike makao makuu ya mkoa kwa siku moja. Miaka arobaini na sita baadaye wakaiunganisha na Saint-Alvard kwa sababu ilikuwa na watu wachache. Ila amri iliyoiunganisha iliacha sentensi moja, na kila mtoto wa Chantevel aliijua kama Baba Yetu: sehemu zilizounganishwa zitaendelea kufaidi, kila moja peke yake, haki na mali zilizokuwa zake.

"Wasomee hii," Ambroise alisema.

"Na wewe?"

"Mimi sitashuka. Kuna mtu lazima awe nyumbani, au siyo? Kutoka kwenye dirisha la baraza dohani yetu inaonekana. Mpaka urudi, utaona moshi."

*

Ijumaa saa nane mchana Eulalie aliingia ofisi ya kata, kitabu cha sala mkobani. Kwenye mlango, ndani ya kisanduku cha kioo, kulikuwa na tangazo jipya lenye bendera: Sensa imekamilika. Saint-Alvard: watu mia na mmoja! Asanteni wote.

Ghislaine, katibu wa kata, aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Eulalie alikuwa amemfundisha katekisimu.

"Shangazi! Karibu, kaa. Nyonga ya mzee inaendeleaje?"

"Inaendelea. Nataka kuandikishwa tena kupiga kura, mimi na yeye. Chantevel."

Uso wa Ghislaine ukajikunja. Akatoa fomu, akaigeuzageuza. "Nahitaji uthibitisho wa makazi, shangazi. Bili ya umeme."

"Umeme umesitishwa."

"Ya simu, basi."

"Simu iko kwa Mireille."

"Barua yoyote iliyofika Chantevel ndani ya miezi mitatu?"

"Barua zote zilielekezwa Mende. Ghislaine, niliingia Chantevel kama bi harusi, miaka hamsini na minne iliyopita. Mama yako ndiye aliyenibebea shela. Unataka nikuthibitishie nini?"

"Mimi najua. Kompyuta haijui." Ghislaine alikuwa karibu kulia. "Bila karatasi haiendi mbele, inabaki pale pale. Angalia mwenyewe."

Eulalie hakuangalia. Mlango wa ndani ulifunguliwa na Régis Chassang, meya, akatoka na kikombe cha kahawa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, mwenye karakana ya matrekta, na hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amechoka tu, na kuna aina ya uchovu unaomfanya mtu aone wenzake kama nambari.

"Mama Brajon! Umekuja kututembelea?"

Neno hilo lilimchoma kuliko barua. Mtu hatembelei kwake.

"Nimekuja nyumbani, Régis."

"Sawa, sawa. Msiichukulie kwa ubaya. Mmestahili kupumzika. Mzee hatapanda tena kule na nyonga ile, tuseme ukweli. Ng'ombe Clovis atawanunua kwa bei nzuri. Na kwenye ukumbi mpya tutaweka kibao, 'Ukumbi wa Chantevel'. Nimeshapendekeza."

"Kibao," Eulalie alisema.

"Cha shaba."

Eulalie aliichukua fomu yake tupu, akaikunja vizuri, akatoka bila kuaga. Barabarani miguu ilimpeleka kanisani yenyewe.

*

Kanisa la Saint-Alvard lilikuwa tupu, na padri alikuja Jumapili moja kwa mwezi. Eulalie aliketi kwenye benchi lake, la nne kutoka mbele, akatoa rozari. Hakuomba ushindi. Alikuwa ameshaishi vya kutosha kujua kwamba Mungu si mjumbe wa baraza. Aliomba sauti yake isitetemeke, na asimchukie Régis mpaka jioni ipite.

Kisha, kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, akafanya kama alivyofanya kila Kwaresima tangu mama mkwe wake alipomfundisha: akaomba nyumba kwa nyumba. Alianzia chini, mtoni, kwa akina Teissèdre, baba, mama na watoto watatu, akapanda barabara yote ya Saint-Alvard mlango kwa mlango. Mjane wa seremala. Ghislaine na mumewe na yule binti asiyetaka shule. Régis na mkewe, na mama yake Régis asiyetoka kitandani, ambaye Eulalie alimwombea kwa jina mara mbili. Kisha vitongoji. Le Fau, watu kumi na wawili, pamoja na mtoto wa mjukuu wa Clovis aliyezaliwa siku ya Mtakatifu Nikolasi. Kwa kila mtu alisogeza punje moja ya rozari, na kwa kila punje kumi alikunja kidole kimoja.

Nyumba ya mwisho kabla ya Chantevel ilikuwa ya Wadachi wawili wafuga mbuzi. Aliwaombea hao pia, ingawa hawakusali. Akasogeza punje, akaangalia vidole.

Tisini na tisa.

Akadhani amesahau mtu. Akarudi mtoni, akapanda tena polepole, akigonga kila mlango moyoni. Tisini na tisa. Aliyebaki ni yeye mwenyewe na Ambroise.

Eulalie aliitazama taa nyekundu ya altare. Ndipo akazielewa zile biskuti. Akakumbuka na maneno ambayo Régis aliyasema huku akimpa kalamu, maneno ambayo siku ile aliyasikia kama porojo za kahawa: "Tukishuka chini ya mia, Mama Brajon, baraza linapungua kutoka watu kumi na mmoja hadi saba. Uchaguzi ni mwakani. Niwaondoe nani wanne?"

"Asante," alisema kwa sauti, akapiga ishara ya msalaba, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akasikia njaa.

*

Wajumbe kumi na mmoja walikaa kuzunguka meza ya baraza, chini ya sanamu ya plasta ya mama wa Jamhuri. Kwa wananchi kulikuwa na viti vitatu ukutani. Kimoja alikikalia kijana wa kampuni mwenye jalada magotini. Vingine viwili Eulalie na Mireille, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini akiwa bado na viatu vyeupe.

Ajenda tatu za kwanza zilikuwa za bomba. Kisha Régis akasoma jambo la nne, vizuri, bila haraka. Akataja yuro elfu arobaini. Akasema hakuna anayenyang'anywa kitu, kwa kuwa hakuna mtu.

"Naomba kusema," Eulalie alisema akisimama.

"Mama Brajon, samahani sana. Kikao ni cha wazi, lakini wananchi wanasikiliza tu. Sheria si yangu."

Akabaki amesimama. Mtu alikohoa. Mireille akamvuta koti, na Eulalie akahisi joto la aibu likimpanda shingoni, aibu ya kuwa mtoto darasani akiwa na miaka sabini na sita.

"Mheshimiwa Meya," Clovis alisema, "naomba kikao kisimamishwe dakika kumi."

"Kwa sababu gani?"

"Kibofu."

Watu wakacheka. Régis akashusha pumzi, akaangalia saa. "Dakika kumi. Kikao kimesimamishwa."

Clovis hakuinuka. Alifungua kifungo cha koti lake na kuegemea kiti. "Sasa kikao kimesimama, wananchi wanaweza kuongea. Na hiyo ni sheria pia. Endelea, Eulalie, kibofu changu kinasubiri."

Eulalie akatoa kitabu cha sala, akasoma sentensi ya babu. Sauti haikutetemeka.

"Nzuri sana," alisema naibu meya, mtu wa bima. "Ila hiyo ni ya mfalme. Wafalme wameisha."

"Na mpaka wa kata yako ulichorwa na nani?" Eulalie alimgeukia. "Karatasi hii hii ndiyo iliyowapa Chantevel. Mnashika nusu ya kwanza, inayosema sisi ni wenu, na nusu ya pili mnaichana? Kama haina nguvu, turudishieni kata yetu. Ambroise atakuwa meya. Hana kazi siku hizi."

Clovis akapiga meza kwa kiganja. Régis aliinua mkono.

"Hakuna anayebishia historia. Karatasi inawapa haki wakazi. Nauliza tu, wakazi wako wapi? Madirisha yamefungwa."

"Geukeni."

Waligeuka, hata kijana wa kampuni. Dirishani, juu ya msitu wa misonobari, ilionekana mstari mwembamba wa paa, na juu yake moshi. Haukuwa moshi mwembamba wa jioni. Ulikuwa mzito, mweusi, umenyooka kama nguzo.

"Anachoma nini huyo, matairi?" mtu akanong'ona.

"Moshi wa siku mbili," Régis alisema. Sasa alikuwa ameanza kukasirika. "Tusidanganyane. Ukiwasha moto siku mbili huwi mkazi. Mlikuwa Mende majira yote ya baridi. Januari hamkuwapo, Februari hamkuwapo. Unakana?"

"Sikani."

"Mama," Mireille alinong'ona.

"Unasema Januari hatukuwa wakazi wa Chantevel," Eulalie alisema.

"Nasema, na kila mtu hapa anajua."

"Vizuri. Mlangoni pale kuna tangazo linasema tuko mia na mmoja. Leo nilikuwa kanisani nawaombea, nyumba kwa nyumba. Akina Teissèdre watano. Ghislaine kwake watatu. Le Fau kumi na wawili pamoja na yule mdogo wa Clovis. Nimewataja wote, hata wewe Régis, hata mama yako. Nimefika tisini na tisa. Nikarudia. Tisini na tisa."

Wa kwanza kuelewa alikuwa Josiane, muuza maua, ambaye aliingia barazani kwa tofauti ya kura nne tu.

"Tisini na tisa?" alisema. "Chini ya mia si viti ni saba?"

"Sensa ni jambo lingine," Régis alisema.

"Ni jambo lile lile," Eulalie alisema. "Ulikuja Mende na biskuti ukanisainisha kwamba naishi Chantevel. Nikasaini, kwa sababu ni kweli. Sasa chagua. Kama hatuishi pale, sensa yako ni ya uongo, mkuu wa mkoa ataisikia kutoka kwangu, na mwakani wanne kwenye meza hii watakaa na mimi hapa ukutani. Kama tunaishi, Chantevel ina watu wawili, na malisho yana wenyewe. Lakini huwezi kutuhesabu tukiwa hai kwenye karatasi moja na kutuzika kwenye nyingine."

Akaketi. Mireille alimshika mkono na hakuuachia.

Wajumbe walianza kutazamana, na kila mmoja alikuwa anahesabu wengine. Régis aliutazama ule moshi kwa muda mrefu, shingo yake ikiwa nyekundu, na Eulalie, ambaye alikuwa ameomba asimchukie, aliona kwamba haikuwa vigumu.

"Kikao kinaendelea," Régis alisema hatimaye. "Naondoa jambo la nne. Tutaliangalia wakati mwingine."

"Hapana," Clovis alisema. "Ukiliondoa leo litarudi Mei, ng'ombe wakiwa wameshapanda. Limesomwa, tulipigie kura."

"Tupige kura," Josiane alisema, haraka kidogo.

Walioinua mikono kuunga mkono walikuwa wawili. Waliopinga walikuwa wanane. Mikono ya meya ilibaki juu ya meza, vidole vikiwa vimeshikana. Kijana wa kampuni akafunga jalada lake bila kelele.

"Ghislaine," Eulalie alisema watu walipokuwa wanavaa makoti, akaitoa fomu mkobani, "bado sina bili ya umeme."

Ghislaine akaichukua. Kwenye nafasi ya uthibitisho wa makazi akaandika, kwa herufi kubwa za mtu anayefurahia kuandika: Uamuzi wa baraza la kata wa tarehe ya leo. Akapiga muhuri kwa nguvu mpaka kikombe cha meya kikaruka.

"Kompyuta ikikataa hiyo, shangazi, nitaitupa mtoni."

*

Mireille aliendesha polepole. Walipofika njia panda, alisema, "Mtakufa kule siku moja, Mama. Peke yenu. Na mimi ndiye nitakayewakuta."

"Huenda."

"Hunijibu chochote kingine?"

"Jumapili njoo ule. Nitaponda viazi na jibini, ile unayopenda. Na ule umeme uurudishe, kwa jina la baba yako."

Mireille alifuta pua kwa mkono wa koti. Kona ya mwisho ilifunguka, na nyumba ikaonekana. Kulikuwa na jambo lisilo la kawaida, lakini hakulitambua mara moja. Jua lilikuwa limezama nyuma ya msitu, na mwanga wa moto ulikuwa umemwagika nje mpaka ukutani mwa banda, mpana, mwekundu, kana kwamba nyumba imefungua mdomo.

Ndani Ambroise alikuwa ameketi mbele ya meko, shoka dogo magotini, uso mweusi kwa masizi. Sakafuni kulikuwa na bawaba za chuma na vipande vya mbao vyenye rangi ya kijani iliyobabuka.

"Umechelewa," alisema. "Kuni zimelowa zote. Imebidi nitafute kikavu. Tumeshindwa?"

"Tumeshinda. Nane kwa mbili." Eulalie alikuwa anaangalia dirisha la jikoni. Kisha akasogea akaangalia la chumbani. "Ambroise. Mbao za madirisha ziko wapi?"

"Zile alizoziandika Régis? Nimezinyanyua kwa gongo, moja baada ya nyingine. Rangi ya zamani inatoa moshi mzuri sana." Akatupa kipande cha mwisho motoni. "Sasa aje aseme tena Chantevel imefungwa. Hakuna cha kufunga."

"Mtu wa nyonga moja!" Mireille alisema, akishindwa kuamua acheke au alie.

Eulalie alivua koti. Alilitundika kwenye msumari wake, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, akachukua sufuria. Upepo wa Margeride uligonga vioo vilivyobaki uchi.

"Usiku baridi itaingia," alisema.

"Na iingie," Ambroise alisema. "Itatukuta ndani."